Mkwe Wangu, Bingwa wa Magonjwa ya Ndani

Jumapili, 2 Machi

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya familia yote ya Simioni wa Susuni, natangaza kifo cha zipu ya sketi yangu ya kwaya. Marehemu amefariki leo asubuhi nyuma ya kanisa, mbele ya sauti ya kwanza nzima, wakati mwenye sketi akijaribu kuvuta pumzi. Ameacha pini mbili za nepi, ambazo zilinisitiri mpaka mwisho wa misa. Taarifa ziwafikie ndugu wa Machochwe na jamaa wote wa ng'ambo ya Sirari.

Wenzangu walicheka, nami nikacheka kuliko wao. "Mwalimu Efrazia, Kwaresima inaanza Jumatano, itakusaidia!" Ajabu ni kwamba sili. Tangu Januari nikimeza matonge mawili ya ugali nashiba kama mtu aliyetoka harusini. Mikono imekonda mpaka pete inazunguka, tumbo peke yake ndilo linanenepa. Nimekuwa kama kupe.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Mvua ya kwanza ya maana. Nimefunga bila jitihada yoyote.

Jumapili, 9 Machi

Ghati amepiga simu. Baba yake amemsimulia habari za zipu, na za usiku ninavyokaa kitandani kwa sababu nikilala chali pumzi inanibana.

Ghati ni binti yetu wa kwanza, anakaa Nyamisangura, mjini Tarime, na ameolewa na Daudi, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Nikiandika "daktari bingwa" hata mwandiko unakaa vizuri. Mwaka jana Daudi alifungua kliniki yake mwenyewe, na Simioni, mume wangu ambaye kwa kawaida hasemi neno mpaka ng'ombe apotee, ameitangaza mnadani, kanisani, na kwenye vilabu vya pombe ambavyo mimi naambiwa hajawahi kuviingia.

"Mama, bingwa yuko nyumbani, wewe unahangaika na maji ya tangawizi?"

"Mwanangu, huyo ni mkwe."

"Huu ni mwaka gani, mama? Kule kliniki yeye si mkwe. Ni daktari."

"Na mimi kule nitakuwa nani?"

Akacheka. Sikuwa natania.

Tangu Daudi amwoe Ghati sijawahi kumshika mkono. Nikimwona anakuja njiani, ghafla nakumbuka kitu nilichosahau dukani. Akija hapa nyumbani, yeye anakaa sebuleni na wanaume, mimi napikia jikoni na kusalimia kupitia ukuta. Simwogopi wala simchukii. Ni kijana mzuri, na ndivyo mama mkwe wa Kikurya anavyompenda mkwe mzuri: kwa mbali. Kikurya kina neno lake. Kwa Kiswahili nikitafuta napata aibu, heshima na woga, na hata nikiyafunga yote matatu kwa kamba moja bado hayatoshi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetibiwa na bingwa. Niandike vizuri ili wajukuu wajue.

Nilivaa gauni langu la Krismasi. Nesi akanipima presha, akanipima uzito, akaniingiza. Daudi akasimama, akajigonga kwenye kona ya meza, akasema "Shikamoo mama" akiitazama kompyuta. Nami nikasema "Marahaba baba" nikiitazama kalenda ya kampuni ya simenti iliyokuwa ukutani. Mlango ukaachwa wazi. Kati yetu palikuwa na meza pana, Mungu aibariki.

"Mama unasumbuliwa na nini?" akaiuliza kompyuta.

"Tumbo linajaa, baba," nikaiambia kalenda. "Nakula kidogo nashiba. Nachoka. Mgongo huku chini unavuta."

"Unapata choo?"

Nilitamani sakafu ya bingwa ipasuke. Nikasema napata. Akasogeza kalamu, akairudisha ilipokuwa.

"Na... yale mambo ya... umri, mama?"

"Ndiyo baba, umri."

"Basi. Ni umri."

Hapo tukawa tumemaliza magonjwa yote ya wanawake. Akasema ni vidonda vya tumbo na gesi, nisile maharage. Nesi akatoa damu, nikapewa vidonge. Kitanda cha kupimia wagonjwa nilikiona kimoja nyuma ya pazia, kina shuka jeupe lililopigwa pasi. Hakuna aliyekitaja. Nilipita karibu nacho nikitoka, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Jioni Simioni akazungumza na mkwewe kwa simu, akakata akiwa anang'aa. "Daudi amesema amekupima kila kitu. Huna kitu."

Nikasema tumshukuru Mungu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Darasa la pili limevuja, nimefundisha kutoa wakati ndoo zinajumlisha.

Jumatano, 2 Aprili

Kuna habari kijijini ambazo mimi mwenyewe nimezipata kwa kuchelewa: nina mimba.

Mtoto mmoja darasani, mwenye ulimi mrefu kama wa shangazi yake, ameniuliza, "Mwalimu, ukijifungua atatufundisha nani?" Nikamwambia atafundisha huyo huyo mtoto. Lakini mambo si ya watoto tu. Mzee Nchagwa, kaka mkubwa wa Simioni, amempongeza mdogo wake hadharani, na mume wangu, ambaye anajua vizuri kabisa hali halisi ya nyumba yake, amekubali pongezi. Siku mbili hizi anatembea kifua mbele.

"Ulishindwaje kuwaambia ukweli?" nikamuuliza.

"Walikuwa wamefurahi sana, Mama Ghati."

Nimecheka mpaka upande wa kushoto ukanikata. Nikakaa chini ya ukuta wa zizi kidogo mpaka ukaachia.

Ijumaa, 11 Aprili

Vidonge vimekwisha, tumbo halijasikia kwamba lilikuwa linatibiwa. Nimerudi kliniki. Kompyuta, kalenda, mlango wazi.

Daudi amesema damu yote ni safi. Amesoma majibu kwa sauti, na kwa kweli anasoma vizuri. Nikasema, "Baba, lakini linaongezeka." Nilisema nikiwa nimefumba macho, maana ilikuwa kama kumwambia mkwe kuwa mwili wangu upo.

Akavuta pumzi ya mtu mwenye wagonjwa wengi nje.

"Mama, nikwambie ukweli. Wamama wa umri wako wanakuja hapa kila siku. Tumbo, mgongo, usingizi, kuchoka. Tunapima hatuoni kitu. Ni mawazo. Ukitoka hapa usiliangalie tumbo kila saa. Ukiliangalia na lenyewe linajiona."

Amenipa vidonge vya usingizi na kunishauri nipunguze kazi ya shamba. Nimemshukuru. Nje, kwenye benchi, nimekaa nikijitahidi kutolifikiria tumbo, na mtu aliye pembeni akanipisha nafasi zaidi kwa sababu alidhani ni mimba.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Bwana amefufuka. Mimi nimeimba aleluya mbili, ya tatu nikakaa. Sketi mpya nimeshona ya kamba kiunoni.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua siku nzima. Palizi imesimama. Magugu yamefurahi.

Jumatatu, 28 Aprili

Ghati amekuja, shikamoo kwa haraka, mkate na sukari, halafu akakaa jikoni akinitazama nikichambua mchicha. Nikajua ametumwa au amejituma.

"Mama, Daudi anasema unawaambia watu hujapona."

"Sijamwambia mtu. Watu wana macho."

"Mwalimu mkuu wenu alimuuliza mjini kwa nini hakupeleki Mwanza. Amerudi nyumbani hajala."

"Mpe pole. Hata mimi sijala."

Hakucheka. Nikasema polepole kwamba nafikiria kwenda kuonwa na daktari mwingine, kwa kuhakikisha tu. Ningesema nafikiria kuchoma kliniki moto asingeshtuka zaidi.

"Mama! Nani atakwenda kutibiwa kwa daktari ambaye mama mkwe wake mwenyewe kamkimbia? Ndugu zake watasema nini? Watasema nyumba ya Simioni imewadharau. Mimi ndiye ninayekaa kule, si wewe."

"Hajanipima, Ghati."

"Amekupima mara mbili!"

Nikachukua mchicha mwingine. Ningemwambia nini? Kwamba mume wake amenitibu kama watu wanavyopiga chafya, kwa kugeuka pembeni? Angemuuliza. Angejibu nini? Akikubali, amekiri kwamba alimwambia baba mkwe wake uongo. Akikataa, mimi ndiye mwongo. Kwa vyovyote nyumba ya binti yangu inapata ufa, na mimi nimekwisha kuona nyumba zilizovunjwa na ufa mdogo kuliko huo.

Zamani nilimwona Ghati kama mtoto aliyebahatika. Leo nimemwona akitoka getini na mwavuli umepinda, nikaona mwanamke anayeogopa.

Jumanne, 6 Mei

Selestina Akello amekuja kuchukua ndizi. Huyu ni Mjaluo wangu: ananunua ndizi zangu kuzipeleka sokoni, ananiuzia dagaa, na habari ananipa bure. Amenitazama nikijaribu kunyanyua mkungu mmoja, nikaushindwa.

"Wewe Mwalimu, hiyo mimba ni ya tembo? Mbona haizaliwi?"

"Ni mawazo. Bingwa amesema."

"Mawazo gani yana miguu iliyovimba? Yawa! Alikushika hapo tumboni, akasikia mawazo yanapiga teke?"

Nikaanza kuzihesabu ndizi. Selestina akaweka ndizi chini. Si mjinga, na Wajaluo nao wana wakwe.

"Hakukushika," akasema.

"Wewe mkweo angekushika?"

"Mimi? Mkwe wangu akija naingia jikoni nakaa na moshi mpaka aondoke. Angenishika tumbo ningekufa hapo hapo, na yeye angekufa, na ng'ombe za mahari zingekufa." Alicheka, kisha akaacha. "Lakini mimi mkwe wangu ni fundi baiskeli, dada yangu. Sijampelekea tumbo langu."

Amesema kuna hospitali ya kanisa upande wa Serengeti, ina daktari mwanamke. Amesema tutakwenda wote. Nimesema nitafikiria. Amesema nifikirie haraka.

Jumanne, 13 Mei

Mvua ya mawe. Maharage yamelala chini. Nami pia.

Jumamosi, 17 Mei

Tembo wameingia shamba la kaka yangu Joel kule Machochwe, wamemaliza mahindi yaliyobaki wiki chache kuvunwa. Nilipopata simu nilisikitika sana, halafu, Mungu anisamehe, nikasema moyoni: asanteni, tembo.

Nimemwambia Simioni naenda kumpa kaka pole. Mtu anakwenda kutoa pole. Hakuna mkwe anayeweza kulalamika kuhusu hilo. Simioni amesema nisibebe mzigo. Halafu amesimama mlangoni muda, akasema, "Umsalimie Joel. Na huko ukiona mtu wa kukuangalia... uangaliwe." Akaenda kwa ng'ombe kabla sijajibu.

Kumbe alikuwa anajua. Nimeishi na huyu mtu nikidhani ni mimi ninayemficha mambo.

Alhamisi, 22 Mei

Nimerudi. Joel mzima, anasalimia wote. Tembo walikula, wakalala humo humo, wakaondoka bila kuaga. Selestina alinisindikiza. Njia ina tope.

Jumapili, 25 Mei

Sikuimba.

Jumapili, 1 Juni

Nimemwambia Simioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimekunywa chai, kisha akaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hawakuwa na shida yoyote. Alikaa kule mpaka giza.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Niandike ilivyokuwa kweli. Nimesoma nilichoandika tarehe 22 Mei na nimekiona ni cha mtu anayejibu salamu: nzuri, nzuri, za kwenu.

Tulilala kwa Joel, kesho yake tukaenda hospitali. Dakta Eunice ni mwanamke mfupi, wa umri wa Ghati, mwenye sauti ya mpishi wa shule. Akaniuliza nilikuwa natibiwa wapi. Nikasema kliniki fulani mjini Tarime. Na daktari gani? Nikasema jina limenitoka. Selestina akakohoa.

"Vua gauni mama, panda hapa."

Nilivua huku naongea. Niliongea sana; nadhani nilimweleza habari zote za tembo. Kisha akaweka mkono juu ya tumbo langu, mkono wa baridi, akaubonyeza, nami nikaanza kulia.

"Panauma?"

"Hapana."

"Sasa mbona unalia?"

"Endelea tu, daktari."

Tangu Januari tumbo lile lilikuwa limetazamwa na kanisa zima, na shule, na wazee wa kilabuni. Walilicheka, wakalipongeza, wakalitibu. Yeye ndiye wa kwanza kuligusa. Aligonga gonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akanigeuza ubavu, akagonga tena. Nilimwona Selestina akiacha kutafuta neno la kunichekesha. Hapo ndipo nilipojua, kabla ya mashine.

Kwenye mashine ya altrasaundi Dakta Eunice alinionyesha mwenyewe. Alisema nina haki ya kuona. Ile nyeusi ni maji, mengi. Ile ya kijivu ni uvimbe, kwenye kifuko cha mayai. Na zile punje punje huku na huku ni watoto wake.

"Basi kumbe nina mimba kweli," nikasema. Hakuna aliyecheka, na nilipolisikia mwenyewe nikaona halikuwa la kuchekesha.

Nikamuuliza kama ndio ule ugonjwa. Akasema anadhani ndio, Mwanza watachukua kipande kidogo cha nyama wathibitishe. Nikauliza kama unatibika. Akakaa kwenye kile kitanda, pembeni yangu, miguu yake haifiki chini.

"Watakutoa maji, upumue. Watakupasua watoe watakachoweza. Watakupa dawa za mshipa. Mama, wewe ni mwalimu, sitakudanganya. Ulipofika, tunatafuta muda. Hatutafuti kuumaliza."

"Ningekuja Machi?"

"Sijui. Pengine hata Machi ulikuwa umeshasambaa, huu unajificha. Lakini mkono ungejua. Mtu angeweka mkono tu, angejua kuna kitu."

Njiani, tulipoona mji, Selestina akasema, "Tusimwambie Ghati hilo la mkono." Nikasema tusimwambie.

Jana Simioni aliita ndugu. Walikuja Mzee Nchagwa na wengine wa ukoo, wakakaa sebuleni. Daudi naye alikuja, amevaa shati jeupe, na kwa kuwa yeye alikuwa sebuleni, mimi nilikuwa chumbani. Kwa hiyo kikao cha ugonjwa wangu nimekihudhuria kupitia pazia, na Ghati amekaa nami kitandani, ameushika mkono wangu kwa nguvu mno.

Simioni alieleza. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pamoja. Alipofika kwenye jina la ugonjwa alilisema kwa Kiswahili, kama kitu cha wageni.

Mzee Nchagwa akasafisha koo. "Daktari, mkwe wetu. Wewe mama ulimpima mwezi wa tatu. Ukampima wa nne. Ukasema hana kitu. Sisi si wasomi, tueleze. Ulipima nini?"

Nilisikia kiti kikilia. Nilimwombea aseme uongo. Nasema kweli, nilimwombea. Aseme mashine ilikuwa mbovu, aseme ugonjwa ulijificha, hata daktari mwenzake alisema unajificha, usingekuwa uongo mkubwa.

"Sikumpima, baba," akasema Daudi. "Nilitoa damu tu. Tumbo sikuligusa."

"Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Kisha sauti ya Mzee Nchagwa, nayo ilikuwa imelainika, kama mtu aliyekuja na fimbo akakuta mgeni.

"Ulitaka umguse? Hapana. Hapo hatuwezi kukulaumu, mwanangu. Ulifanya vizuri."

Wengine wakaitikia. Mmoja akasema siku hizi vijana wasomi hawana adabu, huyu kalelewa. Mwingine akasema nyumba ya akina Nyangwine, kwao Daudi, inajulikana kwa adabu, ndiyo maana tuliwapa binti. Nilisikia vikombe vya chai vikisogezwa. Kikao kilikuwa kimepata njia yake na kila mtu alikuwa ameshukuru.

Daudi akasema, "Sikilizeni. Sikumaliza."

Wakaendelea.

"Ningeweza kumwita mwingine ampime!" Sauti ilipasuka. "Kuna wenzangu wanawake. Ni simu moja tu. Sikupiga, kwa sababu nilidhani anajisikia tu. Nilidhani ni wasiwasi wa wamama. Hilo si adabu. Hilo..."

"Kunywa chai, mwanangu," akasema Mzee Nchagwa. "Umeonyesha heshima. Mengine ni ya Mungu."

Simioni peke yake hakuitikia, na nilisikia kabisa kutoitikia kwake.

Ghati aliniachia mkono. "Mama, unasikia wanachosema?"

"Nasikia."

"Wanampongeza!"

"Nasikia, mwanangu."

Alikuwa anataka nikasirike. Alinitazama akingoja, machozi yanamtoka, na mimi nilijitafuta ndani nikapata hasira kidogo, ya ile simu moja ambayo haikupigwa. Hiyo itakaa. Lakini nimesema naandika ilivyokuwa kweli, basi niandike na hili: waliposema kalelewa vizuri, kabla sijajizuia, nilitikisa kichwa kukubali. Nilijisikia fahari. Nimekaa na maji tumboni na ugonjwa usiotibika, nyuma ya pazia, nikijisikia fahari kwamba binti yangu ameolewa na mtu mwenye adabu. Ghati aliniona. Aliinuka akatoka kwa mlango wa nyuma, kwenye matope, bila viatu.

Daudi amesema ataendesha gari lake mwenyewe kutupeleka Mwanza kesho. Simioni atakaa mbele. Mimi na Ghati nyuma, na mimi nitakaa upande wa kushoto, kwa sababu nyuma ya dereva kile kioo chake kidogo kingenionyesha uso wake, naye wangu.